Ndege umeipunguza mara nane, hewa hukuipunguza

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma. Nimetumia miezi saba kujenga ndege ya mfano ya kuongozwa kwa rimoti, Cessna 206 ya kipimo cha moja kwa nane, bawa sentimita 137 kutoka ncha hadi ncha, uzito kilo 2.3 pamoja na betri. Ndani nimeweka viti, dashibodi, rubani na abiria wawili. Inaruka, ila inakimbia kama nyigu, haina ule utulivu wa Cessna ya kweli. Nikiipunguza mwendo ili itue, inalaza bawa moja ghafla na kujibwaga. Miguu nimeshabadilisha mara mbili. Rangi ya kupuliza ilikula mkia, nikaanza upya. Uwanjani watoto wananizonga, watu wazima wanauliza bei, na rafiki yangu kila siku ananiambia nimekosea milango. Nyinyi wakongwe mnazivumiliaje kero hizi? Au nihamie kwenye droni?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Swali lako limenikuta barazani hapa Tabora, mkia wa ndege uko mapajani naupiga msasa, kwa hiyo nakujibu nikiwa na vumbi la kazi mikononi. Kero zote ulizotaja nimezionja, nyingine wiki hii hii. Ila nikizitazama vizuri, nyingi naona zina mzizi mmoja: ndege umeipunguza mara nane, lakini hewa hukuipunguza. Upepo wa ziwani nao uko vilevile, na mwembe ni mwembe wa ukubwa wake.

Tuanze na mwendo, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani wamejenga vibaya. Cessna 206 ya kweli ina bawa la karibu mita 11 na uzito wa juu wa kilo 1,633. Ukigawa urefu kwa nane, eneo la bawa linagawanyika kwa 64, na ujazo, ambao ndio unaoleta uzito, unagawanyika kwa 512. Kilo 1,633 gawa kwa 512 unapata kilo 3.2. Bila shaka ulipoona kilo 2.3 ulijipongeza, ukasema niko chini ya kipimo. Lakini mwendo haugawanyiki kwa nane. Unagawanyika kwa kipeuo cha pili cha nane, yaani 2.83. Ile ya kweli, flapu (vibawa vya ukingo wa nyuma vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa chini, bawa lake linaacha kubeba karibu na kilomita 100 kwa saa. Mfano wake wenye uzito wa kipimo utahitaji kama kilomita 35 kwa saa. Sasa jicho la mtu aliyesimama pembeni halina spidomita. Linapima mwendo kwa urefu wa ndege yenyewe: imepita mara ngapi urefu wake kwa sekunde? Kwa hesabu hiyo ya macho, kilomita 35 za ndege yako zinaonekana kama 280 za ndege kubwa. Nyigu wako ndiye huyo, na kila anayeruka ndege za mfano anaye.

Tena hiyo 35 ni ya kwenye karatasi. Bawa dogo linakutana na hewa kwa namna nyingine, kama vile mdudu mdogo anavyohangaika kwenye maji ambayo samaki anayapasua bila shida. Mtiririko wa hewa unaachia mgongo wa bawa dogo mapema kuliko kwenye bawa kubwa. Nimepiga hesabu ya ndege yako: kilo 2.3 juu ya bawa la desimita za mraba 25 na kidogo ni gramu 91 kwa kila desimita. Bila flapu, bawa hilo litaacha kubeba kwenye kilomita 43 kwa saa hivi. Ungekuwa na kilo 1.6, ingekuwa kilomita 36. Tofauti ya saba inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha kutua na kununua miguu mingine.

Kuna jambo jingine ambalo ramani za kujengea ndege hazikuambii, kwa kuwa wengi wanaozichora wanaishi karibu na usawa wa bahari na kwenye baridi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushee juu ya bahari, na mji wako umelipanda kidogo. Mchana wa nyuzi 29, hewa yenu ni pungufu kwa asilimia 14 hivi ukiilinganisha na ile ya vitabuni, ya pwani yenye nyuzi 15. Huku kwetu tuko kwenye mita 1,200. Oktoba, jua la nyuzi 32, pungufu inafika asilimia 18. Hewa ikipungua, bawa linadai mwendo zaidi na propela inashika kidogo. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba ndege kama yako inatua kwa upole, jiulize kwanza aliyeandika anaishi wapi.

Dawa yake ni uzito, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Abiria wawili washuke. Viti vya nyuma vitoke. Rubani abaki, lakini awe kichwa na mabega tu, wa stairofomu. Kutoka nje hakuna atakayeona kwamba hana miguu. Kisha chukua mizani ya jikoni ya dijitali, ile ya kupimia unga wa keki, upime kila kitu kinachokaa nyuma ya bawa. Ndege yenye pua fupi kama Cessna, gramu 10 za mkiani zinadai gramu 25 hadi 30 za madini ya risasi puani ili ikae sawa. Ndiyo maana nakwambia niko hapa na msasa: huu mkia ulikuwa gramu 74 asubuhi, sasa ni 61, na sijamaliza. Gramu 13 hizi zikitoka, natoa na zaidi ya 30 puani. Kabla hata ya kuongeza risasi, sogeza betri mbele mpaka igonge ukuta wa mota. Kitovu cha uzito kikae kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, ndege ikiwa na betri yake. Wewe bawa lako lina upana wa sentimita 18 au 19 hivi, kwa hiyo unatafuta alama iliyo sentimita 5 nyuma ya ukingo. Ishike kwa ncha za vidole viwili pale. Ikiinamisha pua kidogo, vizuri. Ikiinamisha mkia, irudishe mezani, hata kama watu wameshakusanyika.

Halafu kuna hiyo kulaza bawa. Jambo la kwanza: ncha za bawa zipinde kidogo, ukingo wa nyuma uinuke kwa nyuzi 2 hivi kuliko kwenye shina, pale bawa linapoungana na mwili, pande zote mbili sawasawa. Hapo shina la bawa litaacha kubeba kabla ya ncha, na ndege itainamisha pua badala ya kujibwaga ubavu. Bawa la stairofomu linapindika kwa mvuke wa birika na subira. Shikilia mpaka lipoe. La mbao lilipaswa kupindwa wakati wa kulifunika, na kama hukufanya hivyo, pandisha eleroni zote mbili, vile vibawa vya kulaza ndege karibu na ncha, milimita 2, zinasaidia. Jambo la pili ni mkono wako. Panda mita 50 au 60, angalia chini pasiwe na mtu, punguza mota polepole huku ukivuta eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua pua, uone bawa linakuachia wapi na linalala upande gani. Fanya hivyo mara tano. Baada ya hapo, unapokuja kutua, usizime mota. Wengi wanaizima kwa sababu ndege inaonekana inakimbia. Jicho linawadanganya kwa ile hesabu ya 280, wanapunguza, wanapunguza, na kumbe kwa ndege yenyewe mwendo umeshaisha. Acha mota ivute kidogo mpaka tairi ziguse.

Ukitaka ionekane ya kistaarabu angani, badilisha propela. Sijui umefunga ipi, lakini kama ni ya 10 kwa 7, yaani inchi 10 kutoka ncha hadi ncha na inchi 7 za kusonga mbele kwa kila mzunguko, jaribu 11 kwa 5. Ile ya kwanza, ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, inasukuma hewa kwa karibu kilomita 96 kwa saa; ya pili, kwa mizunguko hiyohiyo, ni karibu 69. Inavuta kwa nguvu zaidi ikiwa chini na haina haraka ikiwa juu. Lakini propela pana inakula umeme, kwa hiyo pima ampea kabla hujairusha, usije ukachoma mota. Ruka mbali kidogo, mita 60 au 80, kona ziwe pana. Na kama unataka kuwaonyesha mashemeji kwenye simu, rekodi kwa picha 60 kwa sekunde kisha icheze polepole. Watengeneza sinema walikuwa wakifanya hivyo kwa mifano ya meli na ndege, wakitumia kipeuo kilekile cha pili cha kipimo. Wewe ukiipunguza mara 2.8, Cessna yako itapita juu ya paa la jirani kwa heshima zake zote.

Rangi. Pole sana, kila mtu anajifunza kwa mkia mmoja. Stairofomu nyeupe, ile inayokuja kwenye boksi la TV mpya, inayeyushwa na vimiminika vilivyomo kwenye rangi nyingi za kupuliza na pia kwenye supagluu. Unaona kwanza inang'aa, halafu vitundu vidogo vinafunguka kama uso wa andazi, halafu hakuna mkia. Paka kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, mikono miwili myembamba, iache ikauke kabisa kila mara. Juu yake paka rangi ya maji kwa brashi pana au sponji. Na pima tena. Ndege yangu moja ilinenepa gramu 140 kwa rangi peke yake, kwa sababu nyeupe haikutaka kuficha nembo ya kiwanda cha friji nami nikawa mbishi.

Betri hukuuliza, lakini najua kero hiyo inakuja. Usiiache ikiwa imejaa wiki nzima kusubiri upepo utulie. Irudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Usiitumie mpaka chini ya 3.5. Iliyovimba haina tiba, na isilale ndani ya nyumba mnamolala.

Sasa watu. Hapa mimi na wenzangu wengi hatukubaliani, maana wao wanataka uwanja uwe kama maabara. Mtoto wa Kigoma anayeona ndege inaruka kwenye kiwanja cha mpira atakimbilia, na mimi ningemshangaa asiyekimbia. Lakini propela inayozunguka mara 9,000 kwa dakika haina mtoto wa mtu, kwa hiyo hili ndilo jambo pekee uwanjani ambalo sicheki nalo. Ninachofanya: nafika na kamba ya mita 20 na vijiti vinne, nachora mstari nyuma yangu, kisha namchagua mtundu kuliko wote namfanya mlinzi wa mstari. Anawafukuza wenzake kwa ukali ambao mimi singeuweza. Baada ya kuruka, betri ikiwa imetoka, wote wanakuja kushika. Dakika kumi za kushika zinanunua saa nzima ya utulivu.

Anayeuliza bei, mjibu bei ya vifaa tu, bila miezi saba. Ukitaja miezi, ataanza kukuhesabia ungeuza dagaa wangapi.

Rafiki yako wa milango ni aina inayojulikana dunia nzima. Sisi tunawaita wahesabu ribiti, watu wa kuhesabu kila msumari wa bati la ndege. Mwambie hivi: U206, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizigo, ina mlango mmoja wa rubani kushoto mbele na milango miwili mipana ya mizigo kulia nyuma. P206 ilikuwa na milango ya mbele pande zote mbili. Kama umeweka milango ya mbele kushoto na kulia, hujakosea ndege, umekosea herufi. Futa U andika P. Kinachonikera mimi kwa wahesabu ribiti si kujua kwao, ni wakati wanaouchagua. Nilikuwa nashusha ndege yenye mota mbili, moja imezimika, mtu kasimama begani kwangu anasema, "Hizo antena ungeziweka nyuma zaidi." Siku hiyo ndege iliingia kwenye majani. Tangu hapo tuna sheria moja huku kwetu: mwenye rimoti mkononi haambiwi kitu isipokuwa kuna mtu au ndege nyingine njiani.

Upepo wenu nauhofia kuliko watoto. Jua likishapasha nchi kavu, hewa inavutwa kutoka ziwani kuja mjini, na nyuma ya vilima inajikunja na kusukuma chini. Ndege ya kilo 1.6 haipendi hapo. Ruka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kabla ziwa halijaamka. Na chagua mahali pasipo na miembe. Najua ni ombi gumu kwa mtu anayeishi jirani na Ujiji, na hapa Tabora ni hivyohivyo, lakini mwembe una namna ya kuvuta ndege kama una deni nayo.

Ila miembe ina nafuu yake, unaweza kuipanda. Mwaka fulani ndege yangu ilikwenda kukaa juu ya mninga huko maporini, na tawi lile lile lilikuwa na mzinga wa gome, una wenyewe ndani. Nilisimama chini nikisikia servo, vile vimota vidogo vya kusogeza vibawa, zinalia, maana rimoti ilikuwa bado inazungumza nazo, na kila servo ikilia, nyuki nao wanajibu. Nikazima rimoti haraka. Mwenye mzinga alipatikana jioni. Akasema tusubiri giza. Akapanda na moshi wake saa mbili usiku, akaishusha ndege kwa kamba taratibu kama anashusha mtoto, kisha akaniuliza kama ningependa na asali, kwa kuwa tayari yuko juu. Nilinunua lita mbili. Bawa lilikuwa limetoboka mahali pamoja tu.

Kabla ya yote hayo, kibali. Ndege inayoongozwa kwa rimoti inaangukia kwenye kanuni za mwaka 2018, na mlango wa kugonga ni wa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usiseme ni mchezo. Uwanja wenu wa ndege uko karibu na mji, na ng'ambo ya maji ni nchi nyingine. Askari akiona kitu kinazunguka angani hana sababu ya kujua kwamba ndani yake kuna rubani wa stairofomu asiye na miguu. Waulize wahusika, upate maandishi, uyatembeze mfukoni.

Droni? Ukitaka hamia, sitakununia. Droni inajishikilia yenyewe hewani kwa vihisio na setilaiti. Ukiachia mkono inasimama inakusubiri. Watoto watakuja, bei wataiuliza, kibali utakitafuta vilevile. Kitakachopungua ni lile tumbo kukaza ndege inapokuja kutua, na sijui kama ndicho unachotaka kipungue.

Kama unabaki, nina wazo la ndege yako ijayo. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wabelgiji walivuka ziwa lenu kwa ndege za majini aina ya Short 827 wakashambulia bandari ya Kigoma, wakiitafuta meli ya Wajerumani Graf von Götzen, hiyohiyo iliyokuja kuitwa Liemba. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, nguzo na nyaya kila mahali, inatua majini. Mabawa mengi maana yake mzigo mdogo kwa kila desimita, na zile nyaya zinakokota hewa, kwa hiyo itaruka taratibu bila kulazimishwa. Kutua majini saa moja asubuhi, ziwa likiwa kama kioo, kutakusahaulisha habari za miguu. Na mhesabu ribiti wako atapata kazi ya kutafuta rangi halisi ya ndege iliyopita hapo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Lakini kwanza maliza Cessna. Toa betri, toa abiria, iweke kwenye mizani, na uniandikie namba utakayoiona.